Eli nyepesi katika joto la Mtwara: kwa nini ya kwanza ilinukia ndizi na ya pili ikapasua chupa

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Mtwara mjini, Shangani. Shemeji yangu alirudi kutoka Uingereza akanibebea kilo nne za kimea cha shayiri, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu) na pakiti chache za hamira ya bia. Nimepika eli nyepesi, aina ya bia, mara mbili, lita tano kila mara, kwa kufuata maelekezo yaliyokuja na vitu hivyo. Ya kwanza ilichacha kwa kasi siku mbili tu, ikanukia ndizi mbivu na rangi ya kucha, na glasi mbili zilitosha kuniumiza kichwa. Ya pili niliitia kwenye chupa siku ya nne baada ya kuona povu limetulia. Sasa ni chachu kama togwa iliyolala, na juzi chupa mbili za kioo zimepasuka kabatini. Jamaa mmoja anayepika pombe za kienyeji ananiambia niongeze hamira na sukari. Mama mkwe anasema hiyo ni gongo tu na nitapofuka. Je, joto la Mtwara halifai kwa eli? Kimea kikiisha naweza kutumia ulezi au mtama? Niendelee au niache?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jambo lisiloweza kusubiri: zile chupa za kioo zilizobaki kabatini. Usizishike mikono mitupu wala usizitikise. Kama mbili zimepasuka, nyingine nazo ziko njiani. Watoe watoto chumbani, vaa viatu vya kufunika, miwani na shati zito la mikono mirefu, kisha zifunike chupa kwa taulo nene lililoloweshwa na uzihamishie kwenye ndoo yenye kifuniko. Weka barafu ya kutosha kuzizunguka au iingize ndoo nzima kwenye friji, iache usiku kucha. Bia ikipoa, gesi nyingi huyeyuka ndani yake na shinikizo hushuka. Kesho yake zifungue moja moja zikiwa bado zimefunikwa taulo, uso wako ukiwa pembeni, umwage. Usijaribu kuokoa hata moja. Kioo kinachopasuka kwa gesi hurusha vipande kwa nguvu ya kutosha kumtoa mtu jicho.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Nikikuelewa vizuri, umefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi, umepata bia mbili mbovu, na unajiuliza kama tatizo ni mikono yako au ni mji unaoishi. Jibu langu ni kwamba bia zako ziliharibiwa na mambo mawili tofauti. Ya kwanza iliharibiwa na joto. Ya pili iliharibiwa na vijidudu vilivyoingia baada ya kupika, kisha ukaifunga mapema. Ukizichanganya hizo mbili utatibu lisilouma. Na ushauri wa jamaa yako wa kuongeza hamira na sukari hautibu lolote kati ya hayo.

Tuanze na joto, maana ndilo lenye mengi ya kuelewa. Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari iliyotoka kwenye kimea na kutoa kileo, gesi ya kaboni, na pia joto. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalihesabu. Bia inayochacha huwa na joto zaidi ya chumba ilimo, na tofauti hiyo ni kubwa zaidi siku mbili tatu za mwanzo wakati hamira inazaliana. Pakiti nyingi za hamira ya eli zimeandikwa nyuzi 18 hadi 22, nyingine hadi 25 au zaidi kidogo. Chumba cha Mtwara wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kinaweza kuwa na nyuzi 30 mchana na usiku kisishuke sana. Kwa hiyo ndoo yako ilikuwa ikichacha kwenye nyuzi 31 au 32, huku wewe ukiamini kwamba kivuli cha stoo kinatosha.

Katika joto hilo hamira haifi. Inafanya kazi upesi mno, na kazi ya haraka huzaa vitu vya pembeni. Kuna kundi la viambato vinavyoitwa esta. Kimojawapo ndicho chenye harufu ya ndizi mbivu, na kingine kikizidi hunukia kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Eli nzuri ina esta kidogo, ndizo zinazoipa harufu ya matunda kwa mbali. Zikizidi zinakuwa kero. Halafu kuna aina za kileo kizito, tofauti na kileo cha kawaida cha bia, ambazo huongezeka joto linapopanda. Huunguza koo, na wengi huamini huchangia kuumwa kichwa. Katika bia nyeusi yenye nguvu kasoro hizi hujificha kidogo nyuma ya ladha ya kimea kilichokaangwa. Katika eli nyepesi hakuna pa kujificha, ndiyo maana bia inayoonekana rahisi kuliko zote ndiyo ngumu kuipata sawasawa.

Usidanganywe na wazo kwamba bia ikikaa muda mrefu harufu hizo zitapotea. Chache hupungua, hiyo ya rangi ya kucha haiondoki. Zinatengenezwa hasa katika saa 72 za mwanzo, na hizo ndizo saa unazopaswa kuzilinda. Ukiishikilia bia chini ya nyuzi 22 kwa siku tatu hizo, hata ikipanda hadi 25 baadaye madhara ni madogo. Tena kupanda kidogo mwishoni humsaidia hamira kumaliza sukari iliyobaki.

Hapa ndipo upikaji wa kiasi kidogo unapokupa nafuu. Lita tano hupoteza joto lake upesi kuliko lita hamsini, kama bakuli la uji linavyopoa kabla ya sufuria. Chukua beseni kubwa au karai la kufulia, weka ndoo yako katikati, jaza maji hadi yafikie usawa wa bia iliyo ndani. Gandisha chupa za plastiki za lita moja na nusu zilizojaa maji, uwe nazo nne. Mbili zinaelea kwenye beseni, mbili ziko friza, unabadilisha asubuhi na jioni. Tumbukiza kipimajoto kwenye maji ya beseni, na ukiona yako kati ya nyuzi 18 na 20, bia ndani iko pazuri. Maji hubeba joto vizuri kuliko hewa, na hata umeme ukikatika kwa muda wa saa nane yatabadilika polepole. Wapo watakaokuambia ufunge gunia bichi kwenye ndoo na kuwasha feni. Mbinu hiyo ni nzuri Dodoma kwenye hewa kavu. Hapa pwani hewa imejaa unyevu, maji kwenye gunia hayakauki upesi, na bila kukauka hakuna kupoa. Utapunguza nyuzi chache tu.

Majira nayo yana faida. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, usiku wa Mtwara na Lindi hushuka hadi karibu nyuzi 20, na chupa mbili za barafu kwa siku zinatosha. Ndugu zetu wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, wanapata usiku wa baridi zaidi. Ukitaka kutumia hamira uliyo nayo sasa bila mahangaiko, pika wakati huo.

Ipo njia nyingine, na kama ungeniuliza ningekuwa Shangani ningefanya nini, ndiyo ningeichagua: badilisha hamira badala ya kupigana na hewa. Wakulima wa magharibi mwa Norwei wamehifadhi kwa vizazi hamira za nyumbani ziitwazo kveik. Mojawapo, ya eneo la Voss, inauzwa ikiwa kavu kwenye pakiti na inafanya kazi yake vizuri kwenye nyuzi 35 hadi 40. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo: katika joto ambalo hamira ya kawaida inatoa harufu ya rangi ya kucha, hii inatoa bia safi yenye harufu ya machungwa kwa mbali, na mara nyingi humaliza kuchacha ndani ya siku tatu hadi tano. Haitakupa eli ya Kiingereza kamili, na mtu anayetaka ladha kavu isiyo na tunda lolote ataona tofauti. Pia haipatikani dukani hapa kwetu, itabidi mtu akuagizie. Lakini pakiti ni nyepesi kuliko barua na inatosha mapishi kadhaa, na mashapo ya hamira ya chini ya ndoo yanaweza kutunzwa kwenye friji kwa mapishi yanayofuata.

Kuhusu hamira ya mkate, najua unaifikiria kwa sababu iko kila duka. Kwa asili ni spishi ileile na hamira ya eli, na itatoa kileo. Lakini imechaguliwa kwa ajili ya kutoa gesi upesi kwenye unga. Haitulii vizuri chini ya chombo, bia inabaki na mawingu na ladha ya hamira mbichi, na mara nyingi hutoa harufu ya karafuu. Isitoshe haitengenezwi kwa kuepuka kabisa bakteria wa uchachu, maana kwenye mkate unaookwa hawana madhara. Kwa kujifunza hatua za kupika, itumie. Usiitegemee ikupe eli nyepesi ya kujivunia.

Wingi wa hamira nao hauongezi nguvu ya bia. Kileo kinatoka kwenye sukari, hamira ni mfanyakazi tu. Pakiti ya gramu 11 na nusu imepimwa kwa lita 20 hivi, kwa lita tano gramu tatu zinatosha, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa sana. Inayobaki ifunge vizuri uiweke kwenye friji. Na sukari ukiiongeza wakati wa kupika utapata kileo zaidi na mwili mwembamba zaidi. Ukiizidisha kwenye chupa, utapata yale uliyoyaona kabatini.

Tuje sasa kwenye bia ya pili. Uchachu wa togwa uliousikia ni uleule hasa, kwa sababu unatoka kwa bakteria walewale wa jamii ya asidi ya maziwa. Bakteria hao wanaishi kwenye maganda ya nafaka. Kila punje ya kimea inao. Katika togwa tunawahitaji, ndio wanaoleta uchachu mtamu unaoupenda. Katika eli nyepesi ni wageni wasioalikwa. Kuchemsha kwa saa nzima kunawaua wote, kwa hiyo waliingia baadaye, bia ikiwa imepoa na kabla hamira haijashika.

Sina macho ya kuona jiko lako, ila nikiorodhesha njia wanazopita utaijua yako. Vumbi la kimea ulichosaga au kutwanga katika chumba kilekile cha kupozea. Mwiko wa mbao. Ndoo ya plastiki iliyowahi kubeba togwa, tembo la mnazi au uraka (pombe ya mabibo), hasa kama ina mikwaruzo ndani, maana kwenye mikwaruzo sabuni haifiki. Mpira wa kunyonyea uliosuuzwa kwa maji ya bomba tu. Kipande cha barafu kilichotumbukizwa ndani ya sufuria ili ipoe haraka. Hili la barafu ndilo ninaloliona zaidi kwa watu wa pwani, kwa sababu barafu ya wauza samaki iko karibu na ni rahisi. Itumie, lakini nje ya sufuria. Weka sufuria yenye kifuniko ndani ya beseni la maji, tia barafu na kiganja cha chumvi kwenye maji ya beseni, koroga maji hayo ya nje. Lita tano zitapoa bila kuguswa na kitu.

Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili. Kwanza sabuni na brashi laini hadi uchafu wote uondoke. Kisha kila kitakachogusa bia iliyopoa kilowekwe kwenye maji ya jiki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne za maji, kwa dakika 20, na kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiwahi kuchanganya jiki na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Na kusuuza usikupuuze: klorini kidogo ikibaki, bia itakuwa na ladha ya plasta ya hospitali. Ladha hiyohiyo hutokea ukipikia maji ya bomba yenye klorini nyingi, hivyo yachemshe na uyaache wazi usiku mmoja kabla. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi au chokaa ya matumbawe na havifai kwa bia nyepesi. Maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchemshwa ni mazuri mno kwa kazi hii.

Halafu kuna haraka ya siku ya nne. Povu kutulia si ushahidi kwamba bia imekwisha kuchacha. Ushahidi ni kipimo kinachoitwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea juu au chini kulingana na sukari iliyomo. Eli nyepesi ya nguvu ya asilimia 3.8 hivi huanza kwenye 1.038 na kuishia karibu na 1.009. Ukipima leo na ukapima tena baada ya siku tatu, namba ikiwa ileile, hapo unaweza kuitia kwenye chupa. Ikiwa bado inashuka, subiri. Kwako kulikuwa na sababu mbili za gesi kwa pamoja: hamira ilikuwa haijamaliza, na bakteria, pengine na hamira pori, wanakula hata zile sukari ngumu ambazo hamira ya bia inaziacha. Ndiyo maana shinikizo liliendelea kupanda polepole hadi kioo kikashindwa.

Kwa mapishi yako yanayofuata, achana na kioo kabisa. Tumia chupa za plastiki za soda, za nusu lita, zilizotengenezwa kubeba gesi. Chupa za maji ya kunywa hazifai, plastiki yake ni nyembamba. Sukari ya kutengeneza gesi ni gramu 6 hadi 7 kwa kila lita ya bia, yaani gramu 30 hadi 35 kwa lita tano. Ipime kwa mizani, si kwa kijiko, ichemshe kwenye maji kidogo, ipoze, ichanganye taratibu na bia nzima kisha ndipo ujaze. Kila siku ibonyeze chupa kwa vidole. Ikiwa ngumu kama soda mpya, gesi ipo, iweke kwenye friji. Ikiwa ngumu sana hadi haibonyei kabisa na kitako chake kimeanza kuvimba, fungua kizibo kidogo gesi itoke. Katika joto letu siku saba hadi kumi na nne zinatosha. Iweke gizani, kwa sababu jua huifanya bia yenye hopsi inuke vibaya, na uinywe ndani ya miezi miwili.

Kilo mbili za kimea ulizobakiwa nazo zinatosha mapishi mawili. Chukua kilo moja, kiwe kimepondwa tu maganda yakabaki mapana, kisiwe unga. Pasha lita saba na nusu za maji hadi nyuzi 68 au 69, tumbukiza kimea kikiwa ndani ya mfuko wa shashi, koroga, na joto litatulia kwenye 66. Funika, zungushia blanketi, subiri saa moja. Katika muda huo vimeng'enya vya shayiri vinakata wanga kuwa sukari. Ukishuka hadi 62 bia itakuwa kavu sana, ukipanda hadi 69 itakuwa nzito zaidi, ukipita 75 vimeng'enya vinakufa na utabaki na uji. Nyanyua mfuko, uchuje bila kuukamua kwa nguvu, machicha wape kuku. Chemsha saa nzima bila kifuniko, ukitia gramu 8 za hopsi mwanzoni kama pakiti yake imeandikwa asidi ya alfa (kipimo cha uchungu) asilimia 5, na gramu nyingine tatu au nne dakika tano za mwisho kwa ajili ya harufu. Angalia sana sufuria inapoanza kuchemka, povu hupanda ghafla na maji hayo yenye sukari huunguza vibaya kuliko maji matupu. Hopsi zinazobaki ziweke friza.

Umeuliza ulezi na mtama. Ulezi ndio ningekupendekezea. Kimea chake kina vimeng'enya vizuri na babu zetu hawakukosea kuutumia kwa togwa na pombe. Mtama unahitaji tahadhari mbili. Moja ni ya kiufundi: wanga wa mtama hulainika kwenye nyuzi 70 na zaidi, joto ambalo vimeng'enya vyake vinakufa. Kwa hiyo loweka unga wa kimea kwenye maji ya nyuzi 50 kwa nusu saa, kinga maji yaliyo juu na uyaweke pembeni, maana humo ndimo vimeng'enya vilimo. Machicha yaliyobaki yapike yawe uji, yapoe hadi nyuzi 63 au 64, kisha rudisha yale maji. Tahadhari ya pili ni ya uhai. Mtama unapoota, mizizi na chipukizi zake hubeba kiambata kinachoweza kutoa sumu ya sianidi. Baada ya kukausha kimea, kifikiche na kukipepeta hadi vijimizizi na vijichipukizi vyote vitoke. Bibi zetu walifanya hivyo, na hupaswi kuuruka mchakato huo kwa sababu ya haraka.

Na kwa kimea chochote utakachootesha mwenyewe katika unyevu wa pwani, ogopa ukungu. Kianike kwenye tabaka jembamba juu ya turubai au chekecheke, ukigeuze mara kwa mara, na mvua ikikukatisha tumia jiko. Kikiwa na madoa ya kijani au meusi au harufu ya chumba kilichofungwa, tupa chote, usichague punje. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, na tuliona mwaka 2016 Dodoma na Manyara jinsi mahindi yenye sumu hiyo yalivyoua watu. Tarajia pia bia ya ulezi iwe na mawingu na iharibike mapema. Ukichanganya sehemu moja ya kimea cha shayiri na mbili za ulezi utapata kitu chepesi, chenye ladha ya hapa, na shayiri yako itadumu.

Mama mkwe wako mpe heshima yake, hofu yake ina chanzo. Katika mikoa yetu ya korosho kila msimu wa mabibo kuna uraka, na kuna wanaouchukua uraka huo wakaukeneka, yaani kuuchemsha na kukinga mvuke wake, kuwa nipa. Watu wamepofuka na kufa kwa pombe kali, na kinachoua mara nyingi ni methanoli, hasa pale mtu anapochanganya spiriti ya viwandani ili pombe iwe kali au iwe nyingi. Bia ya nafaka iliyochachushwa tu, bila kukenekwa na bila kuongezwa kitu, haina methanoli ya kiasi cha kudhuru macho. Mweleze hivyo kwa utulivu. Lakini usiivuke mipaka hiyo: usikeneke kamwe, hata kiasi kidogo kwa kujaribu. Kutengeneza gongo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1966, na mvuke wa kileo jikoni huwaka moto. Kama yuko mtu nyumbani aliyekunywa pombe yoyote isiyojulikana, akaanza kuona ukungu machoni, kutapika au kupumua kwa shida, mpeleke Hospitali ya Ligula mara moja na useme wazi alichokunywa. Usingoje apate usingizi.

Je, uendelee? Kama una beseni, kipimajoto, haidromita, mizani na subira ya kungoja wiki mbili kabla ya kufunga chupa, endelea, na pika moja tu kwa wakati ili ujue kilichobadilika. Kama huwezi kupata haidromita, ningekushauri usitie gesi kwenye chupa kabisa. Inywe ikiwa tulivu, moja kwa moja kutoka kwenye ndoo iliyopozwa. Kama nyumba yenu wengine hawanywi kwa sababu ya dini, zungumza nao kwanza kuhusu jiko na harufu, kisha tenga sufuria, ndoo na mwiko visivyoingiliana na vya chakula cha familia. Hata usafi wa bia yako utanufaika.

Ukifikia kutamani kuiuza, simama. Uuzaji wa vileo unahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na bia ya kufungwa kwenye chupa itakuhitaji uende TBS (Shirika la Viwango) kwa ubora na TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa ushuru wa bidhaa. Anzia kwa afisa biashara wa halmashauri, yeye atakueleza pia yanayohusu upikaji wa nyumbani mwako. SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mtwara na Lindi, wana watu wa kukaa nawe ana kwa ana kuhusu usindikaji na vifaa, na hilo lina faida kuliko barua zangu kumi.

Ukipika ya tatu niandikie namba nne: joto la maji ya beseni kwa siku tatu za mwanzo, kipimo cha haidromita siku ya kwanza, na vipimo viwili vya mwisho. Nikiwa nazo hizo nitajua ilipokwama.